I ya Fiijo na I ya Ikikota

Walisema watatoa jibu kabla ya saa mbili usiku. Saa mbili ikapita, simu imelala mezani kando ya taa ya sola, na sisi watatu tumeizunguka kama watu wanaoota moto. Mwanangu Tuntufye alikuwa bado amevaa blauzi yake nyeupe ya usaili, hataki kuivua. Baba yake, Ambwene, alishika redio asiyoiwasha. Mimi nilikuwa nachambua mchele niliomaliza kuuchambua tangu alasiri.

Simu ikalia. Tuntufye akaidaka. Alikuwa baba yake mdogo, Sylvester, mwenye duka la vipuri vya pikipiki kule Tunduma. Sauti yake hujaa nyumba hata ukiiweka simu sikioni.

"Vipi, mwalimu? Umepata, au nikutumie nauli?"

"Bado, baba mdogo."

"Jumapili ndiyo mwisho wangu. Kuna binti mwingine anaitaka hiyo kaunta. Nakuwekea wewe kwa sababu ni damu yangu, usije ukasema sikukwambia."

"Sikatai, baba mdogo."

Akakata. Ambwene akanitazama kwa pembe ya jicho. Yeye na mdogo wake walishakubaliana. Shule ya Kiingereza ya mjini Kyela ikimchukua Tuntufye, atabaki nasi hapa Ngonga na kwenda mjini kila siku kufundisha. Ikimkataa, Jumapili anapanda gari la Tunduma, akauze minyororo na plagi. Mtoto wa miaka ishirini na tisa aliyesomea ualimu, aliyefundisha miaka sita kwa kujitolea katika shule ya hapa kijijini bila kuajiriwa. Ndivyo mambo yalivyokuwa usiku huo wa Jumanne.

Ujumbe uliingia saa tatu na nusu. Tuntufye akausoma kwa sauti.

"Tunakushukuru kwa kufika kwenye usaili. Shule inahitaji mwalimu mwenye nia ya kukaa. Tunakutakia heri huko uendako."

Akaurudia kimyakimya, midomo ikicheza.

"Huko niendako wapi?" akauliza. "Nani kawaambia kuna mahali naenda?"

"Labda Sylvester kawapigia," nikasema.

"Sylvester hata jina la shule halijui," Ambwene akajibu.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Kitu kikipotea nyumbani kwangu huwa sipigi kelele, narudi nyuma hatua moja moja mpaka nifike pale kilipokuwa mara ya mwisho. Nikamwambia, "Simama hapo. Sema kila walichokuuliza na kila ulichojibu, kama ulivyojibu."

Akasimama mbele ya meza, mikono nyuma. Walimuuliza amesoma wapi. Akajibu. Walimuuliza atafanya nini mtoto akilia darasani. Akajibu. Mwisho mwalimu mkuu, Mwalimu Jubilate, akamuuliza kwa Kiingereza ana mipango gani kwa miaka mitano ijayo.

"Nikamwambia, I want to live here. Wakatazamana. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu nina hakika kabisa, hata wazazi wangu wanajua. Akacheka kidogo, akaandika kwenye karatasi. Kisha akasema…" Akaweka kiganja mdomoni.

"Akasema nini?"

"Mama, nimewaambia naondoka."

Ilibidi atueleze polepole. Kuna neno live, kuishi. Kuna neno leave, kuondoka. Lile la kuishi i yake ni fupi. Lile la kuondoka i yake ni ndefu. Yeye alikuwa ametoa i moja ya kati, ile aliyozoeshwa na walimu wake wote tangu darasa la tatu, na masikio ya wale waliokaa mezani yakaipokea kuwa ndefu.

"Yaani Wazungu wamekosa maneno," Ambwene akasema, "mpaka kuishi na kuondoka vilale kitanda kimoja?"

Tuntufye hakucheka. "Sijamaliza. Mwalimu Jubilate aliponisindikiza mlangoni alisema, hii lafudhi yenu ya huku ndiyo inaharibu Kiingereza. Mnavutavuta maneno."

Sikulala vizuri kwa sababu ya sentensi hiyo. Kukosa kazi kunaumiza, lakini watu hukosa kazi kila siku. Kuambiwa kwamba mdomo uliopewa na mama yako una kasoro ni jambo lingine, na mama mwenyewe alikuwa hapo mezani akisikia.

Inafaa mjue huyu Tuntufye ni nani. Nilimzaa nyumbani kwa mama yangu, kule kijiji cha Katumba Songwe, karibu na mto. Ng'ambo ni Malawi, na ndugu zetu wako pande zote mbili. Siku ya soko walivuka na mitumbwi, na wale wa ng'ambo walipenda kutia Kiingereza katikati ya maongezi. Tuntufye alichelewa kusema. Alikuwa na miaka mitatu anatazama tu midomo ya watu. Siku aliyofungua kinywa, aliongea kama mtu aliyekuwa akiweka maneno akiba: Kinyakyusa cha bibi yake, na maneno ya Kiingereza ya wale wauza dagaa kutoka ng'ambo, yakiwa na lafudhi yao ileile. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Alipokuwa darasa la nne alianguka uwanjani wakati wa mapumziko akalia, "Juuba!" Kwetu mama ni juuba, na ile u tunaivuta, mtu hawezi kumwita mama yake kwa haraka. Walimu wakamvika kibao shingoni, kile cha watoto wanaosema kilugha shuleni. Akakaa nacho hadi jioni, goti linatoka damu. Aliporudi nyumbani aliniita mama, kwa Kiswahili, na tangu siku hiyo hakuniita tena juuba. Nilidhani amekua. Nilikuwa sijui ni kitu gani kimekatwa pale.

Asubuhi ya Jumatano nilimwambia alete simu. Ndani yake kuna kamusi, ukibonyeza alama ya spika mwanamke mmoja anakutamkia neno.

"Mama, wewe uliishia la saba," akasema. Hakusema kwa dharau, alikuwa amechoka.

"Darasa la saba walinifundisha kusoma. Kusikia nilianza kabla. Bonyeza."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha marehemu mama yangu, na mwanamke wa kwenye simu akasema live, akasema leave. Nikamrudisha tena na tena. Kuku wakaja kuangalia ni nani mgeni.

"Hiyo ya pili ni fiijo," nikasema.

"Nini?"

"Ndaga fiijo. Unapomshukuru mtu sana. Sema."

"Ndaga fiijo," akasema, na i ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Hakuna mtoto wa Ngonga anayeikosea. Anayesema fijo kwa kifupi tunajua ni mgeni, tunamwitikia tu kwa adabu.

"Sasa weka hiyo i kwenye neno la kuondoka."

"Leave."

Nikabonyeza. Mwanamke wa simu akasema vilevile.

"Na ile ya kwanza?" Tuntufye akauliza, na sasa alikuwa ameinama mbele.

Hiyo ilinipa shida. Haikuwa i ya Kiswahili iliyofupishwa. Ilikuwa imelegea, kama mtu aliyeanza kutabasamu akaghairi. Nilijua nimeisikia mahali, mahali pa karibu sana. Nikajaribu maneno ya shambani, maneno ya jikoni. Kisha nikahisi nilichokalia.

"Ikikota," nikasema.

Ndicho hicho kigoda, kwa Kinyakyusa. Zile i zake za mbele hazivutwi na hazikazwi, unazigusa na kuondoka. Tuntufye akasema ikikota mara tatu, kisha bila kupumua akasema live. Macho yake yakajaa maji.

"Nilikuwa nayo," akasema. "Nilikuwa nayo siku zote."

"Ulikuwa nayo. Yule mwalimu kakudanganya. Hukumjibu kwa Kinyakyusa, ulimjibu kwa Kiswahili. Ungemjibu kwa mdomo wa bibi yako, angekusikia."

Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na ndege kwelea wanashuka kama mchanga uliomwagwa. Kazi ya kuamia, kuwafukuza ndege shambani, haingoji usaili wa mtu. Tukaenda wote wawili na debe na kombeo, na shule yetu ikawa huko kwenye majaruba. Ndege wakitua, Tuntufye anapiga debe na kupaza sauti, "Leeeave!" Wakiruka, anajigeukia na kusema taratibu, "I live here." Nikisikia i imechanganyika, nampigia debe yeye.

Jirani yetu Prisca, ambaye shamba lake linapakana na letu, alisimama kwenye tuta akajishika kiuno.

"Mama Tuntufye! Siku hizi mnafukuza ndege kwa Kizungu? Hawa wa kwako wamefika darasa la ngapi?"

"Wa kwangu wanaelewa, dada. Angalia, wanahamia kwako."

"Basi wafundisheni na kurudi, maana mimi Kizungu cha kuwafukuzia sina!"

Lakini kabla jua halijakuwa kali nilimsikia naye huko kwake, "Liiiv! Liiiv!" na i ndefu safi kabisa, bila kufundishwa na mtu. Tuntufye akanitazama. Kuna neno full, kujaa, na neno fool, mpumbavu, na i za fill na feel, kujaza na kuhisi, na mengine mengi. Kila moja alilolitoa kwenye kamusi tulilipatia lake la nyumbani. U ndefu haikutuchukua hata dakika. "Ni ile ya juuba," akasema mwenyewe, kisha akaenda kufukuza ndege upande ambao haukuwa na ndege.

Alhamisi jioni Ambwene akauliza, "Sasa mtafanya nini na hizo i zenu? Usaili umekwisha."

"Kesho tunakwenda."

"Mmeitwa?"

"Hatujaitwa."

"Mama Tuntufye, usiende kumtia mtoto aibu. Tunduma nako ni kazi."

"Ni kazi," nikasema. "Akitaka kwenda Tunduma aende kwa miguu yake na kwa nia yake. Hatakwenda kwa sababu mtu amemsikia vibaya."

Ijumaa nilivaa kitenge changu cha kanisani. Tulipanda bodaboda, na siwezi kusema uongo, tulipofika kwenye geti la shule nilitamani mlinzi atufukuze ili niwe na sababu ya kurudi. Alitufungulia. Karani wa ofisini, binti mmoja aitwaye Nancy, akatuuliza kama tuna miadi.

"Hatuna. Tutakaa."

"Mama, mwalimu mkuu ana wageni."

"Mpaka wageni waondoke, binti yangu. Sisi hatuna haraka, mpunga una mtu wa kuuangalia." Nilikuwa nimemwachia Prisca.

Tukakaa kwenye benchi la korido, mbele ya mlango wa darasa la tatu. Saa moja na nusu ikapita. Hatimaye Mwalimu Jubilate akatoka, akimsindikiza mzee mmoja aliyeleta mtoto. Mwalimu huyu ni mtu wa mbali, amekaa kwetu miaka sita, na anajitahidi kuwa na watu. Akamshika yule mzee mkono kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo, mzee wangu. Ndaga fijo!"

Mzee akaitikia kwa adabu, akaenda zake. Mwalimu akageuka, akatuona, uso ukabadilika.

"Mwalimu Tuntufye. Nilidhani umeshaondoka Kyela."

"Shikamoo, mwalimu," nikasema mimi ingawa namzidi umri, maana nilitaka aanze na deni la aibu. "Mimi ni mama yake. Sikuja kuomba kazi. Nimekuja kuuliza neno moja."

"Mama, marahaba si yangu, shikamoo wewe. Lakini usaili tulishaufunga."

"Umemwambia mzee yule nini sasa hivi?"

"Nimemshukuru. Nimemwambia ndaga fijo."

"Hapana. Kwetu ni fiijo. Ndefu. Hiyo uliyosema wewe haipo."

Nancy ofisini akaacha kugonga kompyuta. Mwalimu akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayetafuta pa kupitia. "Basi nimekosea. Mlinielewa lakini."

"Tulikuelewa. Kwa miaka sita unatushukuru vibaya, na hakuna hata mmoja wetu aliyekufungia mlango. Tulikuelewa kwa sababu tulitaka kukuelewa. Mwanangu kakosea i moja, siku moja, ukaandika kwamba anaondoka."

Sikujua kama nilikuwa na sauti kubwa kiasi hicho. Darasa la tatu lote lilikuwa kimya upande wa pili wa mlango.

"Mama," akasema polepole, "si suala la kuelewana. Huyu anakuja kufundisha. Watoto watachukua kile atakachotamka. Wazazi wanalipia hilo."

"Sawa. Hilo nakubali. Ndiyo maana nimekuja naye. Ulisema sisi tunavutavuta maneno. Ni kweli tunavuta. Tunavuta panapostahili, na panapostahili kukatwa tunakata, kabla ya hicho Kiingereza chenu kuja huku. Aliyemharibia ni yule aliyemvika kibao shingoni asiseme kwa kinywa chake. Msikilize sasa."

Tuntufye akasimama.

"Niliposema nataka ku-live Kyela," akasema, "nilimaanisha live. Sikusema leave. Ulisikia leave kwa sababu niliitamka vibaya, hilo ni kosa langu. Lakini naweza kuwafundisha watoto hawa tofauti yake kwa namna ambayo hawataisahau, kwa sababu wengi wao wanayo nyumbani."

Mwalimu Jubilate akatazama saa yake.

"Dakika kumi na tano. Darasa la tatu, hapo. Nitakaa nyuma. Nikisikia zimechanganyika hata mara moja, mnaondoka wote wawili. Tumeelewana?"

"Leave," Tuntufye akasema, ndefu, imenyooka. "Ndiyo hiyo mwalimu. Hiyo ndefu."

Nancy akacheka akajiziba mdomo. Wakaingia, mlango ukafungwa.

Nikabaki na benchi. Mlango ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya bluu, na sauti zilipita chini yake zikiwa nusunusu. Nikasikia "Good morning, teacher" ya watoto. Nikasikia chaki. Nikafikiria gari la Tunduma, na begi lake ambalo baba yake alishalitoa uvunguni. Kisha nikamsikia akiuliza, "Nani hapa anajua kusema asante kwa bibi yake?" Mikono lazima ilinyooshwa, maana nilisikia madawati. Halafu sauti thelathini kwa pamoja, "Fiiijo!" mpaka kioo cha dirisha kikatikisika.

Niliitazama simu yangu. Dakika kumi. Kumi na mbili. Walikuwa kwenye ikikota. Mtoto mmoja akasema kwao hawasemi ikikota, wanasema kiti, kwao ni watu wa Pwani, wana duka mjini, na darasa likacheka, na Tuntufye akamwambia aje mbele akalie kiti cha mwalimu mpaka apate i yake. Dakika kumi na tano. Nikasimama, nikajifunga kitenge vizuri, nikingoja kitasa kigeuke.

Hakikugeuka. Dakika kumi na nane. Kengele ya uji ikagongwa, madarasa yote ya korido yakafunguka, watoto wakamwagika na vikombe. Mlango huu wa bluu ulibaki umefungwa. Ndani bado walikuwa wakipokezana, kuishi na kuondoka, kuishi na kuondoka, na katikati ya sauti zao nyembamba nikasikia moja nene, ya mtu mzima aliyeketi nyuma, ikijaribu. Fijo. Watoto wakamkatalia kwa kelele. Akajaribu tena.

Nancy akaja na karatasi na kalamu. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma wa ofisi unaoingia darasani.

"Mama, mwalimu mkuu anauliza jina la mwalimu linaandikwaje. Ni la fomu. Ni majaribio ya miezi mitatu kwanza, amesema nikwambie hivyo, usije ukafikiri yameisha."

"Sijafikiri," nikamwambia. "Andika. T, u, n."

"Hiyo u ni fupi au ndefu?" akauliza, na sikujua kama ananitania.

"Andika kwanza, binti yangu. Kuitamka atakufundisha mwenyewe."

Nikamtajia herufi zote. Kisha nikakaa tena kwenye benchi, watoto wa madarasa mengine wakinipita na uji wao, nikiutazama ule mlango wa bluu ambao bado haujafunguliwa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne sikuwa na haja ya kuona ukifunguka.